Swali la Kumi na Nne

Jumanne, 4 Machi

Ni mimi niliyeandika "Ndiyo". Sijamwambia mtu yeyote. Si Mama, si rafiki yangu wa dawati moja. Hata humu sikuandika. Nimerudi kusoma ukurasa wa siku ile, kuna mstari mmoja tu: "Leo nimemjazia Baba fomu ya mafao." Basi. Na kweli siku ile niliona hakuna la ziada.

Leo barua imekuja. Kaileta mwenye nyumba, maana sanduku la posta ni lake, na alisimama mlangoni muda mrefu kuliko barua inavyohitaji. Baba akaniambia nisome mimi, yeye miwani yake haioni. Miwani ilikuwa kichwani kwake.

Nikasoma. "Tunasikitika kukujulisha kwamba ombi lako la mafao ya kukosa ajira limekataliwa." Mama akasema endelea. "Imebainika kwamba mwombaji amekuwa akimfanyia kazi mwajiri wake wa awali baada ya tarehe ya kuachishwa."

Baba akacheka! Akacheka mpaka akakohoa kile kikohozi chake cha vumbi la karatasi. "Kazi gani? Kiwanda kina kufuli getini kubwa kama kichwa changu. Labda namlinda huyo kufuli asiibiwe."

Halafu akaacha kucheka. "Ni zile siku mbili," akasema.

Siku mbili zenyewe ni hizi. Baba ameendesha mashine ya kupiga mistari kwenye kiwanda cha madaftari kwa miaka kumi na tisa. Desemba kiwanda kikafungwa, wote wakaachishwa. Mashine ikauzwa. Wanunuzi walipokuja kuibeba hawakujua waanzie wapi kuifungua, wakataka kuikata kwa moto. Baba aliposikia hivyo hakumaliza hata chai. Akaenda. Siku mbili amelala chini ya mashine anafungua rola moja moja na kuziandika namba. Hakulipwa. Alipewa soda. Alirudi na mafuta mpaka kwenye viwiko, anapiga mluzi.

"Wa kiwandani tulikuwa wawili tu kule," Baba akasema. "Mimi na Spana. Mimi sikumwambia mtu wa nje. Sasa nani kasema?"

Spana alikuwa msimamizi wao wa zamu. Jina lake halisi hakuna anayelitumia. Anatembea na spana mfuko wa nyuma hata harusini. Mimi humwita Baba Mkubwa ingawa hatuna undugu wa damu. Yeye aliomba mafao wiki ileile na Baba. Yake yalitoka mwezi uliopita, bila hata swali moja.

"Ndiyo maana," Baba akasema. "Kumbe ndiyo maana!"

Mama akasema pole pole, mume wangu, usimshike mtu kabla hujajua. Baba akasema anajua.

Na mimi nimesimama katikati ya chumba na barua mkononi.

Sasa niseme hapa. Ile Januari Baba alinikalisha nimjazie fomu kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Yeye anasema, mimi naandika. Tulipofika swali la kumi na mbili fundi bomba akabisha hodi. Baba akainuka: "Malizia hayo mengine, msomi. Mambo yangu unayajua." Swali la kumi na nne liliuliza kama mwombaji amefanya shughuli yoyote tangu aachishwe kazi, ya malipo au isiyo ya malipo, na aeleze. Chini kabisa kwa herufi nyeusi: kutoa taarifa za uongo ni kosa la jinai. Nikaogopa. Nikaandika "Ndiyo". Mistari ya kuelezea ilikuwa miwili tu. Na mimi, mtu wa kusifiwa insha darasani, nikaelezea! Rola, namba, ustadi wa kuifungua bila kuvunja jino hata moja la gia. Sentensi ilikuwa nzuri. Nikafika mwisho wa mstari wa pili, nafasi ikaisha. Neno ambalo halikuingia ni "bure".

Baba akarudi, akatia saini. Hakusoma.


Jumatano, 5 Machi

Hesabu ya siku. Barua imeandikwa tarehe 20 Februari. Imetufikia jana! Na chini inasema rufaa ikatwe ndani ya siku ishirini na moja tangu tarehe ya barua, si tangu kupokewa. Nimehesabu mara tatu kwa kidole kwenye kalenda. Alhamisi ijayo, tarehe 13. Siku kumi na mbili zimelala kwenye begi la mtu huko posta, na zimehesabiwa kwetu.

Nilipanga kumwambia Baba leo asubuhi. Niliitunga sentensi nikiwa napiga mswaki. Nilipotoka, Baba alikuwa amekaa, amevaa viatu vya kazi, amefunga kamba. Saa kumi na mbili na nusu. Hana pa kwenda. Sentensi ikanipotea.


Alhamisi, 6 Machi

Mama kanieleza kwa sauti ya chini huku anakunja nguo. Jana jioni Baba alimkuta Spana kwa kinyozi. Spana ana povu nusu uso. Baba akamwambia mbele ya watu wote: wewe ni nyoka, umekula changu na chako. Spana akauliza kuna nini, ndugu yangu? Baba akasema usiniite ndugu. Baba akaondoka bila kunyolewa.

"Miaka kumi na tisa wamekula sahani moja," Mama akasema. "Hivi kweli Spana anaweza?"

Aliniuliza kama vile nami ni mtu mzima. Nikasema sijui.

Sijui! Najua kuliko wote humu ndani.


Ijumaa, 7 Machi

Nimetoka shule saa saba na nusu nikaenda moja kwa moja ofisi ya mafao. Baba alishanitangulia, amekaa viti vya chuma vilivyopigwa bolti sakafuni, na karatasi ya namba kama tiketi. Sisi mia moja na nane. Ubao unaonyesha sitini na tatu. Dirisha moja linafanya kazi kati ya sita. Yale mengine matano yana pazia.

Foleni ina wenyeji wake. Mzee mmoja wa kofia alimuuliza Baba: "Wewe mpya?" Baba akasema ndiyo. "Karibu chuoni. Mimi niko mwaka wa pili." Watu wakacheka bila kugeuka. Mama mmoja aliyebeba faili la plastiki kifuani kama mtoto anatuonyesha risiti, nakala, nakala za nakala. Kila akienda anaambiwa kuna karatasi moja imepungua, na kila mara si ileile.

Saa nane na dakika ishirini karani akasema kwenye kipaza sauti kwamba mfumo umekataa. Tusubiri. Tukasubiri. Akasema mfumo bado. Yule mama akasimama: "Huyu Mfumo jamani anakaa wapi? Nielekezeni kwake niende na sukari, nikamsalimie na mkewe." Hata karani alicheka, nilimwona akificha mdomo.

Saa tisa kamili pazia la sita likashuka. Mrudi Jumatatu.

Mia moja na nane! Nilikuwa nimeshika ile karatasi mpaka imelowa jasho. Baba akaikunja vizuri akaiweka kwenye pochi. Nikamwambia Jumatatu haitatumika, wanatoa namba mpya kila siku. Akasema najua. Hakuitupa.

Njiani nilitaka kusema. Alikuwa ananieleza jinsi atakavyomuuliza karani: "Nitamwambia anitajie jina la aliyepeleka maneno. Hilo tu. Nina haki ya kulijua." Akaniuliza, au wewe unaonaje, msomi? Nikasema labda si mtu. Labda ni makosa ya fomu. Baba akasema fomu uliijaza wewe, makosa yatoke wapi?


Jumamosi, 8 Machi

Spana kaja nyumbani.

Baba alimwona dirishani anavuka barabara. Akaniambia: mwambie sipo. Akaingia jikoni, akasimama nyuma ya mlango, mtu mzima wa miaka arobaini na nane!

Nikafungua. Shikamoo Baba Mkubwa. Marahaba, Mwalimu (ndivyo anavyoniita), hujambo? Baba yuko? Nikasema Baba hayupo. Hivyo tu, bila kumeza mate. Kwenye fomu sikuweza, mlangoni nimeweza.

Wakati huohuo Baba akakohoa. Kikohozi kile hakuna mtu kiwandani asiyekijua.

Spana akaangalia ukutani, upande wa jikoni. Kidevu chake kina ndevu upande mmoja. Nadhani hakurudi kwa kinyozi tangu siku ile. Akasema kwa sauti ya kusikika: "Basi mwambie huyo asiyekuwepo anywe maji ya moto na asali. Na umwambie mimi sijui nimekosa nini. Akikumbuka aje aniambie, nami nijue cha kuomba msamaha."

Akageuka. Akageuka tena: "Unasoma lakini?" Nasoma. "Mtihani lini?" Oktoba. "Haya. Usiache."

Nilifunga mlango. Baba akatoka jikoni. "Umesikia unafiki huo?" akasema, lakini sauti haikuwa na nguvu. Mama alikuwa anasugua sufuria safi.

Nimeandika "usiache" na sasa siwezi kuacha kulifikiria neno hilo. Mwenye nyumba ametupa muda mpaka mwisho wa mwezi, tulipe kodi au tuhame. Mama keshazungumza na Shangazi. Kwa Shangazi kuna chumba, ila ni mbali, safari ya siku nzima kwa basi, na huko shule haichukui mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katikati ya mwaka. Hakuna aliyenitamkia. Nilisikia Mama anamwambia kwenye simu: "Yeye atapumzika mwaka mmoja, si neno."

Si neno.


Jumapili, 9 Machi

Sijasema. Kutwa nzima nilikuwa na nafasi kama nane. Mwoga. Naandika kwa herufi kubwa: MWOGA. Haisaidii.


Jumatatu, 10 Machi

Leo sikwenda shule. Baba alisema twende wote asubuhi, yeye hataki kusomewa karatasi na watu baki. Tulifika saa kumi na moja na nusu alfajiri tukapata namba saba. Saba! Mzee wa kofia alikuwa namba mbili. Akatupungia mkono kama mwenyekiti.

Karani ni mwanamke wa makamo, ana kofia ya mpira kwenye kidole gumba ya kufunulia karatasi. Si mtu mbaya. Nilitaka awe mbaya, ingekuwa rahisi. Baba akasalimia, akaweka barua kwenye kile kijinafasi chini ya kioo. Akasema maneno yake aliyoyaandaa: anaomba kujua ni nani aliyeleta taarifa kwamba yeye anafanya kazi.

Karani akasoma. Akaandika kwenye kompyuta. Akangoja. Akasema hapa hatupokei umbeya, mzee, tunatumia fomu. Akainuka, akaenda kwenye kabati, akarudi na faili, akalamba kidole kile kisicho na mpira kwa mazoea, akafunua. Kisha akaigeuza fomu na kuibandika kwenye kioo ili Baba aone.

"Si wewe mwenyewe umeandika hapa? Swali la kumi na nne."

Niliona mwandiko wangu. Herufi zimelala kulia kidogo, kama nilivyofundishwa. Wino wa bluu. Rola, namba, gia.

Baba alivuta miwani kutoka kichwani. Akasoma. Midomo yake inasogea. Alisoma mpaka mwisho, na nadhani akarudia. Mimi nilikuwa naangalia duara dogo kwenye kioo, lile la kupitishia sauti. Lina matundu kumi na tisa madogo ndani yake.

Akasema: "Ndiyo. Nimeandika mimi."

Karani akaangalia saini ya Baba pale chini, kubwa, imepinda, inatoka nje ya kisanduku. Akaangalia tena ule mwandiko. Akaniangalia mimi. "Una mwandiko mzuri, mzee," akasema.

"Nashukuru," Baba akasema.

Akaeleza kwamba zilikuwa siku mbili, hakulipwa. Karani akasema basi ungeliandika hilo. Kwenye fomu halipo. Sasa rufaa inahitaji barua ya kiwanda, yenye mhuri, inayosema mwombaji alikuja kusaidia kwa hiari yake na hakulipwa chochote. Na iletwe kabla ya saa tisa Alhamisi. Baba akauliza, na kama kiwanda kimefungwa? Karani akasema mzee wangu, mimi sikatai mtu, mimi napokea tu. Namba nane!

Tulitoka. Baba alitembea mbele, mimi nyuma hatua kama kumi. Hakugeuka mpaka kwenye kona ya duka la vioo.

"Uliandika lini?"

"Ulipokwenda kumfungulia fundi bomba."

"Na barua ilipokuja, ulikuwa unajua?"

"Ndiyo."

"Ndiyo," akarudia. Tukaendelea kutembea.


Jumanne, 11 Machi

Nilitegemea apige kelele. Afadhali angepiga. Asubuhi aliniambia chukua chai yako. Mchana hakuwepo. Alikwenda kumtafuta mwenye kiwanda. Nyumba ina mpangaji mwingine, simu haipatikani. Alipitia na kiwandani. Kufuli liko palepale.

Mama sasa anajua. Alinishika shavu kisha akaliachia, akaondoka kwenda kufua mashuka ya hospitali, zamu ya mchana.

Jioni Baba akanikuta nimekaa na kitabu cha kemia sisomi. Akavuta kiti. Akasema hivi, najaribu kuyaandika kama alivyoyasema:

"Kuandika kweli si kosa. Mimi ndiye niliyekwambia malizia. Ningesoma kabla ya kusaini, ningeongeza neno. Hilo ni langu. Lakini wiki nzima umeniangalia nikimtukana mtu. Umeniangalia tu."

Nikasema nilitaka kusema. Akasema najua ulitaka.

Kisha, kama anaongea na meza: mhuri uko kwa Spana. Alikabidhiwa funguo na mhuri mpaka jengo lipate mwenyewe. Anaweza kuandika barua ile kwa dakika tano.

Nikasema basi twende, Baba, twende sasa hivi! Akatikisa kichwa. "Niende na uso gani? Nimwambie nilikuita nyoka, haya sasa nipigie mhuri?"

Aliinuka akaenda kulala, na jua lilikuwa bado halijazama.

Imebaki kesho tu. Keshokutwa saa tisa.


Jumatano, 12 Machi

Naandika haya nimekaa kwenye ngazi za nyumba ya Spana. Nina begi la shule. Ni saa tisa na nusu. Nitaandika yote haraka kwa sababu sijui nina muda gani.

Nilitoka shule nikaja moja kwa moja. Sikumwambia mtu. Njiani nilikuwa na sentensi zangu zimepangwa, ya kwanza mpaka ya sita. Spana alikuwa barazani amekunja miguu, amefungua feni ya mtu, vipande vimepangwa kwenye gazeti. Kidevu sasa kimenyolewa chote.

Shikamoo Baba Mkubwa. "Marahaba. Yule asiyekuwepo hajambo?"

Sentensi zote sita zikakimbia. Nikasema: "Ni mimi. Baba anadhani ni wewe, lakini ni mimi niliyeandika kwenye fomu." Nikamweleza lote, hovyohovyo, mwisho kabla ya mwanzo. Swali la kumi na nne. Mistari miwili. Rola. Nikamwambia na jikoni alikuwemo.

"Jikoni nilijua," akasema. Halafu akacheka! Alicheka mpaka skrubu moja ikabingirika akaidaka kwa mguu. "Gia! Umewaandikia habari za gia! Hao watu gia wanaijua?" Alijifuta macho. "Kwa hiyo mimi nimeitwa nyoka na povu usoni kwa ajili ya insha."

Nikasema nisamehe. Akasema mimi na wewe hatuna kesi, kaa.

Nikamwambia kuhusu barua yenye mhuri, na kesho saa tisa. "Hiyo tu? Mngekuja juzi." Akaingia ndani, akatoka na kopo la maziwa ya unga, ndani yake mhuri na kidau cha wino kimefungwa na mpira. Akaliweka juu ya gazeti. Akachukua karatasi. Akasema haya, tuandike, mimi msimamizi wa zamu nathibitisha kwamba fulani alifika kiwandani siku mbili kwa hiari yake...

Akaacha hapo.

Nilimwona uso unabadilika. Aliweka kalamu chini taratibu, kama kitu cha moto.

"Wataniuliza nimejuaje," akasema. "Nitasema nilikuwepo. Karani atavuta fomu yangu." Alikuwa haniangalii. "Swali lile lile, Mwalimu. Mimi niliandika Hapana."

Sikuelewa mara moja. Nilidhani mafao yake yalitoka kwa sababu ya bahati.

"Soda moja! Ningeitaje kazi? Niliandika Hapana na wala sikuwaza. Wakijua, watasimamisha yangu, na fedha nilizokwisha kupokea watazidai." Akaokota spana, akairudisha mfukoni, akaitoa tena. Mkewe alikuwa ndani anaimbaimba na maji yanamwagika kwenye ndoo. Mkewe ana ujauzito wa miezi minane.

Tukakaa. Feni imefunguka hapo mbele yetu, mapanga yake matatu.

Halafu akanisogezea karatasi. "Wewe una mkono mzuri. Na maneno unayo. Andika wewe, kwa namna ambayo mimi simo. Mhuri nagonga. Usiseme uongo, ila tu... mimi nisiwemo."

Nilichukua kalamu. Na hapa lazima niseme kweli, maana hapa hakuna wa kunisoma: naweza. Zilikuja njia tatu papo hapo. "Kumbukumbu za kiwanda zinaonyesha." "Imethibitishwa kwamba." "Kwa mujibu wa uongozi." Zilikuja zenyewe, zimenyooka, hakuna hata moja yenye uongo ndani, na karani angezisoma na kufunua ukurasa. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ya fomu. Kwa sababu mkono ulishaanza kuandika tarehe.

Nikafunika kalamu. Nikamwambia: "Baba Mkubwa, siwezi kuandika hili mwenyewe. Kwenye fomu niliamua peke yangu na ona. Hii ni ya wewe na Baba." Akasema baba yako hataki hata kuniona. Nikasema naomba simu yako.

Mimi sina simu. Nilimpigia Baba kwa namba ya Spana, na nilijua jina litakalotokea kwenye simu yake. Ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Ikaita. Ikapokelewa, na hakuna sauti.

Nikasema: "Baba, ni mimi. Niko kwa Baba Mkubwa. Nimemwambia yote. Anaweza kuandika barua lakini ikiandikwa yeye ataingia matatani, kwa sababu yeye aliandika Hapana. Sijaandika kitu. Karatasi iko hapa. Naomba uje."

Nilimsikia anapumua. Akakohoa. Halafu simu ikakatika au aliikata, sijui.

Spana aliuliza: kasemaje? Nikasema hajasema kitu. Akasema aa. Nikamrudishia simu, nikaja kukaa hapa kwenye ngazi, nikatoa daftari.

Hiyo imepita kama nusu saa. Kutoka kwetu mpaka hapa kwa mguu ni dakika ishirini na tano, Baba akitembea mwendo wake. Barabarani simwoni. Kuna mtu wa maji na mkokoteni, kuna mbuzi wa jirani, hao tu.

Spana amekusanya vipande vya feni kwenye gazeti, amevisogeza ukutani. Ametoa viti viwili, ameviweka vikitazamana na ile karatasi katikati, juu ya kigoda, imewekewa kopo la mhuri isipeperuke. Amesimama akivitazama. Ameingia ndani. Sasa anatoka na cha tatu, amekibeba begani, kikubwa, hakipiti vizuri mlangoni.

Naweka kalamu chini nikampokee hicho kiti.